Siku Symphorien Alipoitwa Kutoka Gare

Mimi ndiye niliyetumwa kumwita. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana nikilichelewesha nitatafuta njia ya kulipita pembeni.

Ilikuwa Novemba 1992. Mvua zilikuwa zimekwisha kuushika mji wetu wa Likasi, na Papa Symphorien Ngalamulume alikuwa ametimiza wiki saba akilala kwenye gare, stesheni ya treni, yeye na mkewe Albertine na binti yao Carine, pamoja na maelfu ya wengine waliofukuzwa majumbani mwao kwa kosa moja tu, kwamba wazee wao walitoka mkoa wa Kasai. Wote walikuwa wakingoja treni. Treni ilikuja mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki tatu, na ilipokuja ilibeba wenye nguvu za kupigania mlango.

Mimi nilikuwa bado na kazi. Naitwa Josée. Watu wa mama yangu ni Wasanga, wenyeji wa hapa, na Wasanga hakuna aliyewagusa. Nilifanya kazi katika chumba cha mashine, yaani kompyuta, cha kiwanda, na kila nilichokijua huko nilifundishwa na Symphorien.

Yeye alizaliwa hapa hapa, mwaka wa 1940, wakati mji ungali na jina la Wazungu. Baba yake aliletwa na kampuni akiwa kijana aje kuchimba shaba. Akazeeka hapa, akazikwa hapa. Kasai, Symphorien hakuwahi kuiona. Kiluba chake kilikuwa cha jikoni, cha mama yake. Akitaka kusali au kugombana alitumia Kiswahili chetu. Alianza kwenye mashine za kadi za kutoboa, na mwaka wa 1986 kampuni ikampeleka Ubelgiji miezi minne akajifunze Unix, yaani namna ya kuendesha mashine moja kubwa inayohudumia skrini nyingi kwa pamoja. Alirudi na koti zito la baridi ambalo mkewe alilitumia kufunikia redio, na vitabu vinne vinene alivyovivalisha karatasi za mifuko ya simenti.

Hakuwa mtu mwepesi kupendwa. Alisahihisha Kifaransa cha wakubwa wake mbele za watu. Kalamu yake hakumwazima mtu. Mimi alinifundisha, mwanamke wa kwanza katika chumba kile, wala si kwa wema: wanaume wawili alioletewa kabla yangu walikuwa wakila karanga juu ya mashine. Lakini alinifundisha vizuri. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kuandika kitu ila programu ndogo ndogo za kufungua faili, kusoma, na kufunga. Kufungua, kusoma, kufunga. Nikisahau kufunga, alifuta yote nikaanza upya.

Septemba ile vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai walipopita mtaani kwake, waling'oa kwanza mlango, wakafuata madirisha, wakamaliza na mabati. Sikuwepo. Nilisikia kwa majirani, nikaendelea kuwasongea watoto wangu bukari, ule ugali wetu. Kesho yake kazini kiti chake kilikuwa kitupu, na keshokutwa akakikalia Gauthier.

Gauthier alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, amesoma Lubumbashi, ana diploma, na hakuwa mbaya wa roho. Alikuwa na woga tu. Mambo yalimzidi, akaogopa kusema.

Wiki ya pili ya Novemba skrini zikaanza kukataa. Tulikuwa na skrini kumi na moja: magazini, yaani ghala la vipuri, karakana, ofisi ya wafanyakazi, na moja ya mbali kabisa, kwenye famasi ya hospitali ya kampuni. Mtu anataka kuangalia kama beringi iko, au kama kwinini imebaki, na skrini inamwandikia: *trop de fichiers ouverts*. Faili zilizo wazi ni nyingi mno. Basi, haendi mbele wala harudi nyuma.

Dawa ya Gauthier ilikuwa kuizima mashine na kuiwasha. Ikiwaka, ilijikagua dakika ishirini, kisha kila kitu kikawa sawa. Baada ya saa mbili, maneno yale yale. Akazima tena. Kila alipozima ghafla kitu kiliumia ndani. Siku ya tatu tulipoteza orodha nzima ya beringi, watu wa magazini wakawa wanazitafuta kwa kupanda rafu na tochi. Joachim, mfamasia wa hospitali, alipiga simu asubuhi na mchana: "Josée, dada, niko na bagonjwa mbele yangu na sijue dawa iko ku kabati gani."

Siku ya nne Bwana Théodore alishuka chumbani kwetu. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi ya wafanyakazi. Jumapili aliongoza kwaya ya parokia yetu, sauti nzuri sana. Alisimama katikati ya chumba, asiguse kitu.

"Symphorien aliacha kintu mu hii mashine," akasema. "Aliiwekea sumu kabla ya kwenda."

Gauthier akainama juu ya makaratasi yake. Nami sikumtetea Symphorien, ingawa nilijua kwamba mtu yule asingeweza kuumiza mashine kama asivyoweza kumpiga teke mtoto mchanga.

"Josée, weye njo mwanafunzi wake. Nenda ku gare umulete. Umwambie akitengeneza, nitamupatia nafasi tatu mu wagon ya kufunikwa, treni yenye itakuya."

Nikaenda. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, mvua imekatika, jua linachoma. Tangu Septemba nilikuwa nikizunguka njia ndefu ili nisipite pale. Harufu ilinipokea kabla sijaona mtu. Walikuwa wamekaa kila mahali, juu ya reli, chini ya wagon mbovu, yale mabehewa yaliyoachwa, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye vijiti, na kila familia imekaa juu ya vyombo vyake, maana kilichoachwa kwa dakika moja kiliibwa. Watoto walikohoa. Upande wa ukuta, wanaume wawili walikuwa wakipigilia misumari kisanduku kidogo cha mbao za kreti, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Symphorien nilimkuta kwenye foleni ya maji, akiipanga, akiwakaripia watu kama alivyotukaripia sisi. Shati lake lilikuwa chafu lakini amelifunga mpaka kifungo cha juu.

"Jambo, Papa Symphorien."

Aliniangalia mikono kwanza. Nilikuwa nimekuja mikono mitupu. Wiki saba, na nimekuja mikono mitupu.

"Josée. Mashine imekufa?"

"Haiyakufa. Inaandika *trop de fichiers ouverts*. Gauthier anaizimisha, anaiwasha, halafu inarudilia."

"Anaizimisha?" Alisema kama mtu aliyepigwa kofi. "Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja, papa."

Akafumba macho. Alinipeleka walipokaa. Albertine alikuwa juu ya sanduku la bati, miguu imevimba mpaka vidole havionekani. Carine alikaa chini akiegemea magoti ya mama yake, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mumewe alikuwa ametangulia na treni ya Oktoba kwenda kutafuta mahali pa kulala. Nikatoa ujumbe wa Bwana Théodore wote, bila kumtazama mtu usoni.

Albertine alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Banakufukuza kama imbwa, sasa banakuita juu mashine yabo inalia? Symphorien, usiende. Hata haya kidogo hauna?"

Symphorien alikuwa akilitazama tumbo la Carine. "Wagon ya kufunikwa," akasema. "Théodore alisema vile na kinywa yake?"

"Alisema."

"Basi twende."

Tulipita karibu na nyumba yake. Kuta zilibaki zimesimama, ndani mvua imeotesha majani. Hakugeuza kichwa. Kwenye lango la kiwanda mlinzi aliyemsalimu miaka kumi na tisa alimwomba karatasi ya ruhusa, akiwa amekaza macho kwenye viatu vyake. Ilibidi nipige simu juu ili aruhusiwe.

Alipoingia chumbani hakumsalimu Gauthier. Aliigusa mashine ubavuni kwa kiganja. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu Agosti, na mashine ilikuwa ya moto.

"Imekwama sasa hivi?"

"Tangu nusu saa," Gauthier akasema. "Nilitaka kuizima."

"Usiizime. Ukiizima unaua shahidi. Halafu utamuuliza nani?"

Akakaa. Skrini iliyo karibu na mashine nilikuwa nimeiacha wazi tangu asubuhi, kama alivyonizoesha, maana siku mashine ikijaa hakuna atakayeingia tena kwa mlango mwingine. Lakini hata pale amri zilikataa. Mashine haikuwa na nafasi ya kufungua hata hiyo programu ya kumwonyesha programu nyingine.

"Josée, piga simu ku magazini. Batoke mu skrini, bote batatu. Na ku karakana."

Nikapiga. Walipotoka, nafasi chache zikapatikana, na Symphorien akaitisha orodha ya kila kitu kilichokuwa kikienda ndani ya mashine. Akaisoma kwa kidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Kidole kikasimama.

"Hapa. Moja. Mbili." Alihesabu mpaka tisa. "Programu moja, mara tisa. Inatoka ku skrini ya ofisi ya bafanyakazi. Nani aliianzisha?"

Jina lilikuwa limeandikwa pale pale: Gauthier.

Akachukua sasa faili moja moja, akaiuliza mashine: hii ameishika nani? Na hii? Na hii? Kila mara ilijibu namba ya mojawapo ya zile tisa. Faili zenyewe zilikuwa fiche, yaani kadi za habari, za wafanyakazi. Kila mtu wa kiwanda alikuwa na yake, jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi, wazazi. Aliandika hesabu kwenye ukingo wa gazeti la zamani, kisha akanielezea mimi, si Gauthier.

"Hii mashine inaweza kushika faili mia sita wazi, za bantu bote pamoja. Programu moja haiwezi kupita makumi sita. Sasa huyu muntu, programu yake inafungua fiche, inasoma, haifungi. Inafungua ingine, haifungi. Ikifika ku makumi sita, mashine inamukatalia. Badala ya kufunga, anaitisha programu ingine sawasawa na ile, nayo inafungua makumi sita yake. Tisa sasa, karibu mia tano na makumi nne. Magazini na famasi banagombania yenye inabaki. Njo ugonjwa. Hakuna sumu. Kunakosekana line moja tu."

"Inaandikwa namna gani?" Gauthier alikuwa ameshika kalamu tayari; huko alikosoma hawakumfundisha mashine ya namna hii.

"Ngoja nione inatafuta nini mu fiche."

"Ni takwimu tu, Papa Symphorien. Si lazima..."

Lakini alikuwa amekwisha kuyafungua maandishi ya programu. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, nikasoma pamoja naye. Haikuwa ndefu. Ilifungua fiche ya mfanyakazi, ikashuka mpaka mstari wa asili ya baba, na kuulinganisha na majina ya mahali: Ngandajika, Mwene-Ditu, Kabinda, Mbujimayi, Luiza, na mengine. Likifanana, jina la mtu lilikwenda kwenye orodha. Lisipofanana, lilipita. Ni hayo tu.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akasoma tena tangu mwanzo.

Ikumbukwe kwamba wakati ule walikuwa bado kazini watu mia na kitu wa namna hiyo. Watu ambao mama zao ni wa hapa, au wake zao, wasiosema Kiluba hata neno, waliojifungia ndani Septemba na kurudi kazini kimya kimya wakitumaini kwamba hakuna aliyekumbuka babu zao. Programu ya Gauthier ilikuwa ikiwatafuta hao. Na kila mara ilipojaza mashine ilikuwa haijafika hata theluthi ya wafanyakazi, ndipo Gauthier akazima, akawasha, akaianzisha tena tangu jina la kwanza. Ndiyo maana hakuweza kutuambia alikuwa akifanya nini.

Symphorien aliandika amri fupi. Zile tisa zikafa zote pamoja. Kabla hajaondoa vidole, simu ikalia: Joachim wa famasi, sauti yake imejaa furaha. "Imerudia, Josée! Naona kwinini, naona yote. Umwambie aliyetengeneza Mungu amubariki!"

Nilimwambia. Symphorien akaitikia kwa kichwa.

Bwana Théodore akaingia. Nadhani alikuwa kwenye korido. "Imepona?"

"Mashine iko muzima. Haikukuwa mugonjwa."

"Na programu ya Gauthier?"

"Ile itaijaza tena kila siku mukiianzisha."

"Itengeneze basi. Nimesikia ni line moja."

"Ni line moja," Symphorien akasema. "Jina yangu iko mu ile liste?"

"Weye uko tayari ku gare. Kwako haibadilishe kintu."

"Kwa bale bengine itabadilisha."

Bwana Théodore hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akazungumza kwa upole, kama mtu aliyefika kwenye kilio. "Symphorien, ndugu. Bale bengine batajulikana tu, leo ao kesho. Lakini mutoto wako Carine iko na mimba. Wagon za wazi, mu hii mvua, siku kumi, siku kumi na tano, nani anajua? Line moja. Halafu minye mwenyewe nitabapandisha, bote batatu."

Nilimwona Symphorien akirudisha mikono kwenye vitufe. Sitaki kumsingizia utakatifu. Mikono ilikaa pale, na vidole vyake vilijua pa kwenda. Ilikaa muda mrefu. Gauthier alikuwa ameinama, kalamu juu ya karatasi. Kisha Symphorien akaiondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Uliniita nitengeneze mashine," akasema. "Nimetengeneza. Unipatie nafasi zangu."

"Nilikuita kazi iishe."

"Kazi yangu imeisha."

Akasimama. Alikuwa amefika mlangoni Bwana Théodore aliponigeukia mimi. "Na weye, Josée? Alikufundisha miaka sita. Ile line unaijua?"

Niliijua. Mtu aliyekaa mwezi mzima akifungua, akisoma, akifunga, angeshindwaje kuijua? Ningeiandika nimefumba macho.

"Hapana, bwana," nikasema. "Minye sijue."

Symphorien aliniangalia kutoka mlangoni. Akaenda zake, na kwenye lango mlinzi alimpekua mifuko.

Jioni ile nilitembea mpaka nyumbani, mtaa wa Kikula, nikijiona mtu. Niliwapikia watoto sombe, majani ya muhogo, nikamwambia mume wangu nimesema hapana mbele ya Bwana Théodore, na mume wangu akaniambia nipunguze sauti.

Kesho yake asubuhi nilikuta meza tatu zimepangwa katika ofisi ya wafanyakazi, na juu yake mafaili ya karatasi, yale ya kahawia ya zamani yanayofungwa kwa kamba, ya kiwanda kizima. Bwana Théodore hakuwa na haja ya mashine tena. Alituita wanawake watatu wenye mwandiko mzuri. Kazi yetu: fungua faili, tafuta asili ya baba, andika jina kama ni Kasai, funga faili. Hakutupigia kelele. Alisema tu kwamba asiyetaka anaweza kurudi nyumbani na asirudi tena, na kwamba angependa kujua kwa nini hataki.

Nilikuwa na watoto watatu. Hiyo si sababu. Hata Symphorien alikuwa na mtoto. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikaandika. Mashine ingemaliza kwa muda wa kunywa chai. Sisi tulimaliza kwa siku mbili na nusu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu, masista walinifundisha, kwa hiyo orodha safi, ya kupelekwa juu, niliinakili mimi. Watu mia moja sabini na wanne. Joachim wa famasi alikuwa namba arobaini na mbili; baba yake ni wa Kabinda, sikujua mpaka nilipofungua faili lake. Ngalamulume Symphorien nilimwandika pia, ingawa alikuwa kwenye gare, kwa kuwa Bwana Théodore alisema orodha isiwe na pengo.

Barua za kufukuzwa kazi zilitoka wiki iliyofuata. Joachim alikuja kuniaga. Alinishukuru kwa simu zote zile, akaniachia ufunguo wa kabati la famasi nimpe atakayekuja. Niliupokea.

Nilikwenda gare na debe la unga, lakini si mara moja. Nilingoja mpaka Januari. Mahali walipokuwa wamekaa palikuwa na familia nyingine, na mwanamke mmoja akaniambia wale wa sanduku la bati wameondoka juzi, wagon ya wazi, na kitoto kichanga. Unga nikamwachia yeye, maana sikuweza kurudi nao.

Baada ya hapo hapakuwa na mengi. Waliokuwa wakijua kazi walikuwa wameondoka. Umeme ulikuja ukaenda, vipuri havikuja, na mwaka wa 1994 mashine ilizimika haikuwaka tena; wala hakuna aliyeweza kusema ni nini, awepo shahidi au asiwepo. Gauthier alivuka mpaka kwenda Zambia. Mimi nilitumwa nyumbani mwaka uliofuata, pamoja na Wasanga wengi na Walamba wengi, wenyeji wenzetu, ambao hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Nikaweka meza ya unga sokoni Kikula. Bwana Théodore aliendelea na kwaya.

Mwishoni mwa 1997 mwanamke mwembamba alisimama mbele ya meza yangu, ameshika mtoto wa kiume wa miaka mitano. Sikumjua mpaka aliponiita yaya, yaani dada mkubwa, kwa jina langu.

"Yaya Josée. Ni minye, Carine ya Symphorien."

Nikamkalisha kwenye gunia. Akanieleza kwa kifupi, kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Mama yake hakufika. Treni ilisimama siku nne karibu na Kamina, mvua inanyesha juu yao, na Albertine walimzika pembeni mwa reli. Symphorien alichimba kwa sahani ya bati pamoja na watu asiowajua. Kasai watu waliwaita wageni, waliwacheka kwa Kiluba chao. Symphorien alitengeneza redio sokoni Mwene-Ditu mpaka macho yalipomshinda. Alikufa Juni 1996. Sasa Carine alikuwa amerudi kutafuta cheti cha kazi ya baba yake, karatasi yoyote yenye muhuri, ya kuonyesha kwamba mtu yule alifanya kazi hapa miaka thelathini na miwili.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi. Karani mmoja alitutafutia kwa moyo mzuri tu. Mafaili ya wale mia moja sabini na wanne yalikuwa yametengwa peke yake tangu zamani, kisha dari ilipovuja yakaoza, yakatupwa. Mashine nayo ilikuwa imeuzwa kwa vyuma. Kwa karatasi za kiwanda kile, Symphorien hakuwahi kuwako.

Carine hakulia. Nikamleta kwangu, nikasonga bukari, nikampa mtoto sehemu ya samaki yenye nyama. Alipokuwa akinawa akasema:

"Papa alikuwa anasema juu yako sana. Hata siku za mwisho. Asema: Josée alijua ile line, akasema hajue. Asema: ku Likasi kulibakia muntu mumoja."

Alinitazama akitabasamu, tabasamu la baba yake, ambalo kwa baba yake nililiona labda mara mbili. Alikuwa akingoja niseme kitu.

Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Alilala kwangu siku mbili. Asubuhi ya tatu alipanda lori la makaa kwenda Lubumbashi, kuuliza huko kama kuna nakala. Nilimfungia unga kilo tano na nguo za mtoto. Nilisimama barabarani mpaka lori likapinda kona, kisha nikaenda sokoni kufungua meza, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi wateja huja mapema.